Kutafiti Kitu Chenye Mwenyewe: Shahada za Intaneti na Jamii Chuoni Oxford

Miongoni mwa taaluma zilizopata nafasi katika vyuo vikuu mwanzoni mwa karne hii, ile inayoichunguza intaneti kama sehemu ya maisha ya jamii imelazimika kujieleza kuliko nyingi, kwa sababu kitu inachokichunguza hubadilika kabla mtafiti hajamaliza kukipima, na kwa sababu kitu hicho kina wenyewe, yaani kampuni chache ambazo zinaweza kumfungulia mtafiti mlango leo na kuufunga kesho bila kumweleza sababu. Mwanafunzi wa historia ya Kilwa hutegemea magofu, sarafu na maandishi ambayo hayana mmiliki wa kuyafuta usiku mmoja. Mwanafunzi wa uzamili wa intaneti na jamii hutegemea kumbukumbu zilizohifadhiwa katika seva za kampuni ambayo huenda ndiyo hasa anayotaka kuihoji. Hali hiyo imeziathiri mbinu za taaluma hii, maadili yake na hata ramani ya mambo inayoyaona na isiyoyaona, na historia ya Taasisi ya Intaneti ya Chuo Kikuu cha Oxford, nchini Uingereza, inaidhihirisha vizuri.

Sayansi ya jamii ya intaneti haipaswi kuchanganywa na sayansi ya kompyuta. Mhandisi huuliza jinsi ya kuufanya ujumbe utoke Mwanza ufike Muscat kwa haraka na kwa usalama, ilhali mtaalamu wa sayansi ya jamii huuliza ni nani anayetuma ujumbe huo, ni nani asiyeweza kuutuma na kwa nini, ni sheria ya nchi gani inayoutawala ukiwa njiani, ni nani anayepata fedha kwa kuwa umetumwa, na je, familia, soko na siasa hubaki vilevile baada ya watu kuzoea kutumiana ujumbe wa namna hiyo. Maswali hayo hayakuanza na intaneti, kwani yaliulizwa pia kuhusu telegrafu, redio na televisheni, na ndiyo maana wengi wa waasisi wa taaluma hii walitoka katika sosholojia, sheria, jiografia, uchumi na sayansi ya siasa, kila mmoja akiwa na msamiati wake na mashaka yake juu ya msamiati wa mwenzake.

Taasisi ya Oxford ilianzishwa mwaka 2001, wakati ambao haukuelekea kuwa mzuri kwa jambo hilo. Kampuni nyingi zilizokuwa zimejengwa juu ya matumaini ya intaneti zilikuwa zimeanguka katika masoko ya hisa tangu mwaka 2000, na mtu makini angeweza kudai kwamba chuo chenye umri wa karne kadhaa hakipaswi kujenga idara kwa ajili ya jambo ambalo huenda likapita kama mtindo wa mavazi. Aliyeusukuma mradi huo zaidi alikuwa Andrew Graham, mchumi na kiongozi wa Chuo cha Balliol, mojawapo ya vyuo vinavyounda Chuo Kikuu cha Oxford, na fedha kubwa ya kuanzia, pauni milioni 10, ilitoka kwa mfuko wa hisani wa Stephanie Shirley. Maisha ya mfadhili huyo yangetosha kuwa somo la kwanza la taasisi. Alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933, akapelekwa Uingereza mwaka 1939 pamoja na watoto wengine waliookolewa kutoka katika mateso ya Wanazi, na mwaka 1962 akaanzisha kampuni ya kuandika programu za kompyuta kwa mtaji wa pauni 6, akiwaajiri hasa wanawake walioacha kazi baada ya kuolewa au kujifungua, ambao waliandika programu wakiwa nyumbani kwao. Kwa kuwa barua zake za kutafuta biashara hazikujibiwa alipotia sahihi kwa jina lake, alianza kutumia jina la Steve, na majibu yakaanza kuja. Kazi ya mbali, ajira ya nyumbani, ubaguzi wa kijinsia katika teknolojia na utambulisho unaobadilishwa kwa maandishi tu yalikuwa mambo aliyoyaishi miaka mingi kabla hayajawa mada za tasnifu.

Mkurugenzi wa kwanza, William Dutton, mtaalamu wa mawasiliano kutoka Marekani, aliingia kazini mwaka 2002, na kwa miaka kadhaa taasisi iliishi zaidi kwa utafiti kuliko kwa ufundishaji. Programu ya uzamivu ilitangulia, kisha mwaka 2009 ikafuata shahada ya uzamili ya sayansi ya jamii ya intaneti, inayosomwa kwa muda wa miezi 10 kwa mwanafunzi wa kutwa, na mwaka 2018 ikaongezwa shahada ya uzamili ya sayansi ya data ya jamii, inayowafunza wanafunzi kutumia uwezo wa kompyuta kuchambua maandishi, picha na mahusiano ya mamilioni ya watu kwa pamoja. Katika miezi hiyo 10 mwanafunzi hutarajiwa kujua nadharia za jamii, misingi ya sheria na udhibiti wa mitandao, takwimu, na mbinu za kuhoji na kuishi na watu wanaochunguzwa, kisha aandike tasnifu yake. Muda huo ni mfupi mno kwa mzigo huo, na inafaa kusema wazi kwamba shahada ya namna hii humpa mwanafunzi namna ya kuuliza kuliko umahiri kamili wa kujibu.

Namna hiyo ya kuuliza huanza na jambo linaloonekana dogo, nalo ni kuwahesabu wasiokuwepo. Mwaka 2003 taasisi ilianza uchunguzi wa mara kwa mara wa matumizi ya intaneti nchini Uingereza, uliorudiwa takribani kila baada ya miaka miwili, ambapo wahojaji walibisha hodi katika nyumba zilizochaguliwa kwa kubahatisha kitaalamu na kuwahoji watu wapatao 2,000 ana kwa ana. Utaratibu huo huitwa sampuli nasibu, yaani kila mtu katika idadi ya watu wanaochunguzwa hupewa nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, ili majibu ya wachache yaweze kuwakilisha wengi. Mtu angeweza kuuliza kwa nini watafiti wa intaneti wapoteze fedha kutembea nyumba kwa nyumba badala ya kuweka hojaji mtandaoni, na jibu ni kwamba hojaji ya mtandaoni haiwezi kumfikia asiyetumia mtandao, ambaye ndiye nusu ya swali. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba watumiaji wa intaneti nchini Uingereza walikuwa asilimia 59 mwaka 2003 na asilimia 78 mwaka 2013, na kwamba wengi wa waliobaki nje walitoa sababu ya kutovutiwa, ambayo watafiti wenyewe hawakuichukulia juujuu, maana mzee au maskini anayesema kwamba kitu hakimvutii anaweza kuwa anaeleza kwa heshima kwamba kitu hicho hakikutengenezwa kwa ajili yake.

Sehemu ya taaluma hii iliyo na mafunzo mengi zaidi, na ambayo kila mwanafunzi hukutana nayo mapema, ni mjadala kuhusu kama intaneti huwadhuru watu. Mwaka 1998 Robert Kraut na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 169 wa kaya 73 katika mwaka wao wa kwanza au miwili ya kwanza ya kutumia intaneti, wakaripoti kwamba kadiri mtu alivyoitumia zaidi ndivyo mazungumzo yake na familia yalivyopungua, mduara wa marafiki zake ulivyofinyaa, na upweke na sonona vilivyoongezeka. Magazeti ya dunia yalibeba habari hiyo kwa shauku. Hata hivyo, utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha, yaani watu wa hali ileile ambao hawakupewa intaneti, na kwa hiyo haukuweza kutenganisha athari ya intaneti na mabadiliko mengine ya maisha yao, kama vile watoto kukua na kuanza kuondoka nyumbani. Timu ileile iliwarudia watu hao, na mwaka 2002 ikachapisha kwamba karibu madhara yote yalikuwa yametoweka, na kwamba katika sampuli mpya ya watu walionunua kompyuta matokeo kwa jumla yalikuwa mazuri, hasa kwa wachangamfu na wenye marafiki wengi tangu awali. Marekebisho hayo hayakupata hata robo ya umaarufu wa habari ya kwanza, jambo linaloeleza mengi kuhusu uandishi wa habari za sayansi.

Miongo miwili baadaye mjadala uleule ulirudi, safari hii ukihusu vijana na simu za mkononi, na mchango mashuhuri wa Oxford ulikuwa makala ya Amy Orben na Andrew Przybylski iliyochapishwa mwaka 2019. Wawili hao walichukua data za vijana 355,358 kutoka katika tafiti kubwa za Marekani na Uingereza, kisha badala ya kuchagua njia moja ya kuzichambua, wakaorodhesha njia zote zenye mantiki ambazo mtafiti mwaminifu angeweza kuzichagua, wakazifanya nyingi kati ya hizo kwa kompyuta na kuchora matokeo yake kwa pamoja. Sababu ya kujisumbua hivyo ni hii: katika data kubwa kiasi hicho kuna maelfu ya maamuzi madogo, kama vile swali lipi lihesabiwe kuwa kipimo cha furaha, nani aondolewe kwenye hesabu, na kipato cha wazazi kizingatiwe au la, na mtafiti anayetaka kuthibitisha madhara anaweza kuyapata, kama vile anayetaka kuyakanusha anavyoweza kuyakosa, bila yeyote kati yao kusema uongo. Matokeo ya jumla yalikuwa kwamba matumizi ya teknolojia ya dijiti yanahusiana na ustawi wa kijana kwa njia hasi, lakini yanaeleza asilimia 0.4 tu, kwa kiwango cha juu, ya tofauti za ustawi kati ya vijana, uhusiano unaokaribiana na ule wa kula viazi kwa wingi. Watafiti wengine, hasa nchini Marekani, walipinga na wanaendelea kupinga, wakidai kwamba wastani huo unaficha madhara makubwa kwa wasichana na kwa mitandao ya kijamii hasa, wala hoja yao haistahili kupuuzwa, kwa kuwa wastani wa watu laki tatu unaweza kuwa mdogo huku maelfu wakiumia kwelikweli.

Mzazi wa Dodoma au Nakuru anayetaka kujua kama amnyang'anye mwanawe simu hatapata jibu katika asilimia 0.4, na pengine atakasirika akiambiwa kwamba wasomi bado wanabishana. Lakini anachoweza kukidai ni kujua wasomi hao wanatumia kumbukumbu za nani, kwa kuwa udhaifu mkubwa wa tafiti za pande zote mbili ni kwamba zilitegemea vijana wajikadirie wenyewe muda wanaoutumia kwenye simu, kazi ambayo binadamu huifanya vibaya, ilhali kampuni zinazomiliki programu za simu hizo zinaujua muda huo kwa sekunde. Hapa ndipo umiliki wa data unapoacha kuwa suala la utawala na kuwa suala la maarifa.

Uhusiano kati ya watafiti na wenye data ulipitia vipindi kadhaa, na cha kwanza kilikuwa cha uzembe wa pande zote. Mwaka 2008 watafiti wa sosholojia nchini Marekani walitoa hadharani data za wanafunzi 1,640 wa mwaka mmoja wa chuo kikuu ambacho hakikutajwa jina, zilizochukuliwa kutoka katika kurasa zao za Facebook na kuondolewa majina, wakiamini kwamba faragha imelindwa. Mtafiti wa maadili Michael Zimmer alionyesha kwamba chuo hicho kilikuwa Harvard, bila hata kuzigusa data zenyewe, kwa kuunganisha tu maelezo yaliyoambatana nazo na taarifa zilizokuwa wazi kwa kila mtu, na tangu hapo wanafunzi wa taaluma hii hufundishwa kwamba kufuta jina si sawa na kumficha mtu. Kisha mwaka 2014 ikachapishwa taarifa ya jaribio ambalo Facebook, kwa kushirikiana na wasomi waliohusiana na Chuo Kikuu cha Cornell, ilikuwa imelifanya Januari 2012 kwa watumiaji 689,003, ambapo baadhi yao walipunguziwa machapisho yenye maneno ya furaha na wengine yenye maneno ya huzuni ili ionekane kama hisia huambukizwa mtandaoni. Athari iliyopatikana ilikuwa ndogo mno, lakini ghadhabu ilikuwa kubwa, kwa kuwa hakuna hata mmoja wa watu hao aliyeombwa ridhaa mahususi, na jarida lililochapisha makala hiyo lililazimika kuongeza tamko la wasiwasi wa kihariri. Matokeo ambayo wachache waliyatarajia ni kwamba kampuni zilijifunza kutochapisha, si kutojaribu.

Kipindi kilichofuata kilikuwa cha milango kufungwa. Kwa miaka mingi watafiti walitumia kiolesura cha programu, ambacho kwa lugha nyepesi ni njia rasmi ambayo kompyuta ya nje huruhusiwa kuipitia ili kuiomba kampuni data kwa utaratibu maalumu, na kwa kuwa Twitter ilikuwa na kiolesura kilicho wazi kuliko wengine, tasnifu nyingi za miaka ya 2010 zilihusu Twitter, hata pale ambapo watu wa nchi iliyochunguzwa walizungumza siasa zao zaidi kwenye Facebook na baadaye WhatsApp. Baada ya kashfa ya kampuni ya Cambridge Analytica, iliyotumia data za watumiaji wa Facebook bila ridhaa yao, kufichuliwa mwaka 2018, Facebook ilibana violesura vyake kwa sababu iliyotajwa kuwa ya kulinda faragha. Mwaka 2023 Twitter, ikiwa chini ya mmiliki mpya, iliondoa huduma ya bure ambayo watafiti waliitegemea. Na Agosti 2024 kampuni ya Meta, inayoimiliki Facebook, ikaifunga CrowdTangle, zana iliyowawezesha waandishi wa habari na wasomi kuona ni machapisho gani yanayosambaa zaidi. Mwanafunzi aliyeanza uzamivu mwaka 2021 akiwa na mpango wa kuchunguza mazungumzo ya Twitter alijikuta katikati ya safari akiwa na swali lakini hana data, na msimamizi wake hakuwa na la kumsaidia.

Hata mafanikio makubwa ya taasisi katika kuchunguza propaganda yanathibitisha utegemezi huo. Ripoti ya Desemba 2018 ambayo timu ya Philip Howard, aliyekuwa mkurugenzi wakati huo, iliiandika pamoja na kampuni ya Graphika kuhusu jinsi shirika la Urusi lilivyotumia mitandao ya kijamii kuwagawa wapigakura wa Marekani, iliwezekana kwa sababu kamati ya Seneti ya Marekani ilikuwa na uwezo wa kuzitaka kampuni zitoe kumbukumbu hizo na kisha ikawapa watafiti. Bunge lenye nguvu ya namna hiyo likikosekana, mtafiti hubaki kuokota kinachoanguka mezani.

Uhusiano wa kweli kati ya Oxford na Afrika Mashariki katika taaluma hii ulitokana na mikongo ya baharini. Hadi mwaka 2009 pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwisho yenye watu wengi duniani ambayo hayakuwa yameunganishwa kwa mkongo wa nyuzi za kioo, na intaneti yake ilipita kwa satelaiti kwa gharama kubwa na mwendo wa pole. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009 ukigusa Mombasa na Dar es Salaam, mkongo wa TEAMS ukaunganisha Mombasa na Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Wanasiasa na wafanyabiashara walitangaza kwamba umbali umekufa, na kwamba kijana wa Nairobi sasa atashindana moja kwa moja na kijana wa Bangalore katika kupokea simu za wateja wa Ulaya na Marekani na kuzifanyia kampuni za huko kazi za ofisi.

Mark Graham, profesa wa jiografia ya intaneti katika taasisi hiyo, pamoja na Laura Mann na watafiti wengine, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waliichukua ahadi hiyo kuwa dhana ya kupimwa. Kwa kuwahoji mameneja, wafanyakazi na maofisa nchini Kenya na Rwanda, waligundua kwamba mkongo uliondoa kikwazo kimoja tu, kwa kuwa mteja wa ng'ambo hakuwa akinunua kasi ya mtandao bali uaminifu, jina na mahusiano ya muda mrefu, vitu ambavyo havisafiri kwa nyuzi za kioo. Kampuni nyingi za Kenya zilizoanzishwa kwa ajili ya soko la nje zilikosa kazi za kutosha, na zile zilizosalimika ziligeukia soko la ndani, zikihudumia mabenki, kampuni za simu na mashirika ya Kenya yenyewe. Ugunduzi huo hauna mvuto wa kauli ya kisiasa, lakini una faida kubwa kuliko kauli hiyo, kwa sababu unamweleza mpangaji wa sera kwamba fedha ya umma ingeweza kuwa na tija zaidi kama ingewekwa pia katika mahitaji ya makampuni ya nyumbani. Ni matunda ya mbinu ya kizamani kabisa, ya kukaa na watu na kuwauliza maswali, na haikuhitaji ruhusa ya kampuni yoyote ya California.

Graham huyohuyo alikuwa amechora ramani za makala za Wikipedia kwa kuangalia zile zilizofungamanishwa na mahali mahususi duniani, na mwaka 2009 akaonyesha kwamba bara la Antaktika, lisilo na wakazi wa kudumu, lilikuwa na makala nyingi kuliko karibu kila nchi ya Afrika. Baadaye akaongoza mradi wa Fairwork, ambao hupima kazi zinazopatikana kupitia programu za simu, kama za madereva wa teksi, waendesha bodaboda na wapeleka chakula, kwa vigezo vitano vya ujira, mazingira ya kazi, mikataba, uongozi na uwakilishi, na kuipa kila kampuni alama kati ya sifuri na 10. Kenya, Uganda na Tanzania zimo miongoni mwa nchi zilizopimwa. Kuzitangaza alama hizo hadharani ni kuvuka mpaka kati ya utafiti na ushawishi, na wako wasomi wanaoona kwamba mtafiti anayetoa alama amekuwa mchezaji na mwamuzi kwa pamoja. Lakini yafaa kukumbuka kwamba kampuni hizo huwapa madereva wao nyota kila siku, na ni vigumu kwao kulalamika kwamba kupimwa si haki. Kitabu alichokiandika na James Muldoon na Callum Cant, kilichotoka mwaka 2024, kinafuata mnyororo wa kazi inayoijenga akili unde, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano mingi, hadi kwa vijana wa Gulu, Uganda, wanaokaa mbele ya kompyuta kwa saa nyingi wakiweka alama kwenye picha ili mashine ijue kipi ni nini, na kwa wasimamizi wa maudhui wa Nairobi wanaotazama picha za ukatili ili wengine wasizione.

Suala la fedha halina budi kuguswa, japo wahusika huligusa kwa ncha ya kidole. Taasisi ya Alexander von Humboldt ya Intaneti na Jamii, jijini Berlin, ilianzishwa mwaka 2011 kwa fedha ya awali kutoka Google. Mwaka 2019 Facebook iliahidi dola milioni 7.5 kwa taasisi ya maadili ya akili unde katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich. Na Oxford yenyewe ilipokea mwaka huohuo pauni milioni 150 kutoka kwa Stephen Schwarzman, bilionea wa uwekezaji wa Marekani, kwa ajili ya jengo jipya la taaluma za kibinadamu, ambamo pia mna taasisi ya maadili ya akili unde. Wapokeaji husema kwamba mfadhili hachagui matokeo, na kwa kawaida ni kweli. Ushawishi wa fedha, hata hivyo, huonekana zaidi katika maswali yanayoulizwa kuliko katika majibu yanayotolewa, kwa kuwa ni rahisi kupata ufadhili wa kuchunguza maadili ya mashine kuliko wa kuchunguza kodi ya kampuni inayoiunda. Kwa upande wa mwanafunzi, ada ya Oxford kwa anayetoka nje ya Uingereza ni kubwa kiasi kwamba kijana wa Kitanzania au wa Kikongo asiye na udhamini hawezi kuifikiria, na matokeo yake ni kwamba maisha ya mtandaoni ya Waafrika huchunguzwa mara nyingi na watu wasiozijua lugha za Waafrika hao, kwa data za mitandao ambayo inaonekana vizuri kutoka mbali.

Kipindi cha sasa kina matumaini yenye mipaka. Sheria ya Huduma za Dijiti ya Umoja wa Ulaya, katika kifungu chake cha 40, inazilazimisha kampuni kubwa mno za mitandao, zenye watumiaji wasiopungua milioni 45 kwa mwezi ndani ya umoja huo, kuwapa data watafiti waliohakikiwa na mamlaka, na utaratibu wake kamili ulianza kutumika Oktoba 2025. Sheria hiyo inaiandika haki ya mtafiti dhidi ya matakwa ya mwenye data, na wanafunzi wanaoingia sasa katika shahada hizi wataandika tasnifu ambazo watangulizi wao hawakuweza kuziota. Lakini sheria hiyo inaifungua data kwa ajili ya kuchunguza hatari zinazoikabili Ulaya. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili zinamlinda mwananchi dhidi ya matumizi mabaya ya taarifa zake, ila hakuna kati ya hizo inayoilazimisha kampuni ya kigeni kumwonyesha mtafiti wa Dar es Salaam au wa Nairobi jinsi mashine zake zinavyochagua habari ipi ya Kiswahili ipandishwe juu wiki ya uchaguzi na ipi izikwe.